DeKalb Isikatwe kwa Kufuata Maduka

Ukipanga nyumba kwenye maghorofa yaliyo kando ya Memorial Drive, mashariki mwa Atlanta, barua zako huenda zinaandikwa Decatur au Stone Mountain. Leseni yako ya udereva inasema hivyo hivyo. Lakini siku bomba linapovuja wiki nzima na mwenye nyumba hapokei simu, ukienda kulalamika ofisi za mji wa Decatur utaambiwa wewe si mkazi wa pale. Mtoto wako naye hana nafasi katika shule za Decatur, zile ambazo wazazi huhamia mjini humo kwa ajili yazo. Posta imekupa jina la mji ulio karibu ili barua zifike; kisheria unaishi Kaunti ya DeKalb, nje ya mji wowote. Huna meya wala diwani wa mji. Polisi, zimamoto, gari la taka, mkaguzi wa majengo na anayeamua kama mtaani kwenu pajengwe ghala au zahanati, wote ni watu wa kaunti.

Wanaoishi hivi si wachache. Sensa ya 2020 iliikuta DeKalb ina watu 764,382, na zaidi ya nusu yao wako nje ya mji wowote. Miongoni mwao wamo Wakongo waliopitia kambi kama Nyarugusu kabla ya kuletwa Georgia, na wamo Wakenya na Watanzania walionunua nyumba upande wa kusini wa kaunti, ambako bei ilikuwa inashikika. Kwa miaka ishirini sasa watu hawa wanaulizwa, au niseme majirani zao wanaulizwa, swali moja: tubaki chini ya kaunti, tuunde mji wetu, au tuombe kuingizwa katika mji uliopo jirani?

Nitasema msimamo wangu mapema. Kwa maeneo yaliyobaki ya DeKalb, hasa ya katikati na kusini, kujiunga na mji uliopo ni bora kuliko kuunda mwingine mdogo, kwa sharti kwamba mpaka mpya uchukue barabara ya biashara pamoja na nyumba za wapangaji zilizo nyuma yake. Miji mipya imezifanyia DeKalb na jirani yake Fulton jambo lisilotajwa sana kwenye kampeni: imehamisha mapato kutoka mfuko wa wengi kwenda mfuko wa wachache, na waliobaki wameachiwa sehemu kubwa ya gharama.

Kabla ya kuilaumu miji mipya, tuitazame Atlanta yenyewe. Januari 1952 jiji hilo liliongeza mipaka yake kwa maili za mraba 82 na kupata wakazi wapya wapatao 100,000 kwa mkupuo mmoja. Meya William Hartsfield aliupigania mpango huo kwa sababu za utawala bora, na pia kwa sababu ambayo alikuwa ameshaieleza kwa Wazungu wenzake miaka ya nyuma: bila kuviingiza vitongoji vya kaskazini, ingefika siku wapiga kura Weusi wakawa wengi jijini. Mwaka 1966 Atlanta ikajaribu kuichukua Sandy Springs, kitongoji cha Wazungu, na wakazi wake wakakataa kwa kura nyingi. Kwa hiyo siwezi kumwambia msomaji kwamba kuungana ni jambo safi na kujitenga ni ubaguzi. Mipaka ya aina zote mbili ilichorwa na watu waliokuwa wanahesabu rangi za ngozi.

Kati ya majaribio hayo na leo kulitokea jambo dogo kwenye karatasi, lakini ndilo lililozaa vitongoji hivi. Mwaka 1972 katiba ya Georgia ilirekebishwa, kaunti zikaruhusiwa kutoa huduma ambazo kwa kawaida ni za miji: polisi, zimamoto, kuzoa taka, maji, viwanja vya michezo. Tangu hapo haikumlazimu mtu kuwa na mji ili aishi kimji. Wajenzi walijenga, kaunti ikaleta mabomba na doria, na mkazi akakwepa kodi ya mji. Kwa miaka thelathini mpango huo uliwafaa wengi.

Ulipoacha kuwafaa watu wa Sandy Springs, walikuwa na hoja, na ni haki kuisema. Walilipa kodi kubwa kwa Kaunti ya Fulton, wakaona barabara zao hazitengenezwi, na maamuzi ya matumizi ya ardhi yao yalifanywa na makamishna ambao wengi walichaguliwa na watu wa upande mwingine wa kaunti. Mama mmoja, Eva Galambos, aliongoza harakati za kuunda mji tangu miaka ya 1970. Bunge la jimbo, likiwa mikononi mwa Wademokrati, lilizuia muswada wao mwaka baada ya mwaka. Warepublican walipoyashika mabunge yote mawili mwaka 2005, muswada ukapita upesi, na Juni mwaka huo asilimia 94 ya waliopiga kura wakasema ndiyo. Mji ukaanza kazi tarehe 1 Desemba 2005, na Galambos akawa meya wake wa kwanza.

Mlango ukawa wazi. Johns Creek na Milton zikafuata mwaka 2006, Chattahoochee Hills 2007, Dunwoody 2008, Peachtree Corners na Brookhaven 2012. Baadaye zikaja Tucker, Stonecrest, South Fulton, Mableton, na juzijuzi Mulberry katika Kaunti ya Gwinnett, iliyopigiwa kura Mei 2024.

Sandy Springs ilisifiwa nchi nzima kwa kuikabidhi kampuni moja binafsi, CH2M Hill, karibu kazi zote za mji isipokuwa polisi na zimamoto. Wengi walikuja kujifunza kwamba serikali ya mji inaweza kuwa mkataba. Mwaka 2019 mji wenyewe uliachana na sehemu kubwa ya mpango huo, ukaajiri wafanyakazi wake, kwa maelezo kwamba utaokoa zaidi ya dola milioni 14 katika miaka mitano. Bado kuna watu wanaopeleka mfano wa 2005 kwenye mikutano ya kampeni bila kutaja hesabu ya 2019.

Sasa fedha, maana hapa ndipo penye kiini. Mkazi wa Dunwoody bado anailipia kaunti mahakama, jela na hospitali ya Grady, kama mkazi mwingine yeyote wa DeKalb. Hilo halikubadilika. Kilichohama ni yale mapato ambayo kaunti ilikuwa inayapata kwa kufanya kazi za mji: leseni za biashara, kodi ya hoteli, ada za vibali, kodi ya bima, na sehemu ya kodi ya majengo inayolipia polisi na viwanja. Dunwoody ilipozaliwa iliondoka na Perimeter Mall pamoja na maghorofa ya ofisi yanayoizunguka. Ofisi hulipa kodi, haina mtoto wa kupeleka shule, na usiku haimpigii polisi simu kama mtaa wa watu elfu tano. Kwa mhasibu wa serikali hakuna mlipakodi mzuri kuliko huyo.

Kaunti nayo haiwezi kupunguza gharama zake kwa kiwango kilekile siku ileile. Askari waliostaafu wanaendelea kudai pensheni zao. Kituo cha simu za dharura hakigawanyiki. Magari ya taka yaliyonunuliwa kwa mkopo yanaendelea kulipiwa. Ni kama ndugu anayehama na ng'ombe wote wa maziwa, akaliacha deni la shamba kwa wale waliobaki nyumbani. Waliobaki DeKalb ni watu wa kusini, wengi wao Weusi, na wapangaji wa katikati ya kaunti, wengi wao wahamiaji. Mwaka 2011 mchungaji Joseph Lowery, mpigania haki za raia wa siku nyingi, pamoja na wabunge Weusi wa Georgia walikwenda mahakama ya shirikisho wakidai kwamba miji mipya ya kaskazini inapunguza nguvu ya kura za Weusi. Kesi ilitupwa. Mahakama haikuona kosa la kisheria, lakini pengo la mapato lilibaki palepale.

Kabla ya kura ya kuunda mji, Georgia huhitaji utafiti wa uwezo wa kifedha, ambao kwa kawaida hufanywa na chuo kikuu cha umma. Utafiti huo huuliza kama mji unaopendekezwa utaweza kujilipia ndani ya mipaka iliyochorwa na wanaoutaka, yaani wale wale wanaochagua maduka yapi yawe ndani na maghorofa yapi yawe nje. Swali la pili, la yatakayowapata walio upande wa pili wa mstari, si sharti. Mtu akichora mstari kuzunguka vitu vinavyolipa, hesabu lazima imkubalie.

Tazama mvutano wa Northlake Mall. Mwaka 2014 na 2015 makundi mawili ya majirani, wa Tucker na wa mji uliopendekezwa kuitwa LaVista Hills, walivutana juu ya nani ataichukua mall hiyo na biashara zilizo karibu nayo. Bunge liliahirisha miswada yao mara moja kwa sababu ya ugomvi huo. Novemba 2015 Tucker ilishinda kwa urahisi, LaVista Hills ikaanguka kwa tofauti ya kura 136. Ukiangalia ramani zilizopendekezwa na kila upande unaona maeneo ya biashara yakigombaniwa. Hakuna aliyegombania majengo ya wapangaji.

Kusini mambo yalikwenda kwa namna nyingine, na hapo ndipo naona uchungu zaidi. Mwaka 2007 watu wa kusini mwa Fulton, eneo ambalo wakazi wake ni Weusi kwa zaidi ya asilimia tisini, waliulizwa kama wanataka mji, wakakataa kwa kishindo. Walitaka kubaki na kaunti. Miaka tisa baadaye wakakubali. Katikati hapo, karibu Fulton yote iliyobaki ilikuwa imeshagawanywa kuwa miji, na majirani zao walikuwa wanamega vipande vya ardhi yao, hasa vile vyenye maghala na viwanda. Wakaunda South Fulton, mji wa watu 107,000, ili kilichobaki kisiondoke. Stonecrest nayo ilizaliwa kutokana na hofu ya namna hiyo kusini-mashariki mwa DeKalb, ikijengwa kuizunguka mall iliyokuwa tegemeo lake. Mwaka 2017 baraza lake lilifika hadi kuahidi kutenga ekari 345 na kuziita Amazon, endapo kampuni hiyo ingeleta makao yake makuu ya pili. Haikuja. Meya wake wa kwanza, Jason Lary, mwaka 2022 alikiri kuiba fedha za msaada wa korona na akahukumiwa kifungo cha karibu miaka mitano.

Sitaji hayo kuwadharau watu wa Stonecrest. Kaunti yenyewe ilikuwa na msukosuko wake: mkuu mtendaji wa DeKalb alisimamishwa kazi mwaka 2013, akatiwa hatiani 2015, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Georgia ikaifuta hukumu hiyo. Ninachosema ni kwamba mji mpya unaanza bila mkaguzi wa hesabu mzoefu, bila karani aliyeona bajeti ishirini, bila wananchi waliozoea kuhudhuria vikao vyake, na hapo hapo unapokea fedha za mamilioni. Mji wa miaka mia una watu wanaojua faili liko kabati gani.

Jambo jingine ambalo kampeni huliacha lielee ni yale yasiyobadilika. Mzazi anayedhani mji mpya utamletea shule mpya amepotoshwa. Tangu 1945 katiba ya Georgia hairuhusu kuanzisha mifumo mipya ya shule za miji. Ile iliyokuwapo, kama ya Atlanta na Decatur, ilibaki, na miji mingine yote watoto wake husoma shule za kaunti. Mtoto wa Brookhaven na mtoto wa Memorial Drive wako chini ya bodi moja ya elimu. Mabomba ni vivyo hivyo. Maji na majitaka ya DeKalb husimamiwa na kaunti, ndani na nje ya miji. Makubaliano ya mahakamani ya 2011 na serikali ya shirikisho kuhusu majitaka yaliyokuwa yanamwagika mitoni yanaendelea kumgharimu kila mwenye mita, na mapema 2025 makamishna walipitisha ongezeko la bei ya maji la asilimia kumi kila mwaka kwa miaka kumi. Uwe Dunwoody au uwe nyuma ya kituo cha mafuta Indian Creek, ankara itakufikia.

Kinachobadilika ni nani anaamua matumizi ya ardhi, nani anakagua majengo, na polisi wa nani anakuja. Kwa mwenye nyumba yake aliyezungukwa na miti, la kwanza ndilo kubwa, na ndiyo maana kampeni nyingi za miji ya kaskazini zilihusu kuzuia majengo ya ghorofa. Kwa mpangaji la kubwa ni la pili. Tangu Julai 2024 sheria ya Georgia inamtaka mwenye nyumba ampe mpangaji nyumba inayofaa binadamu kuishi. Sheria hiyo ni nzuri, lakini ukungu ukutani hauondolewi na sheria iliyoko maktaba. Anahitajika mkaguzi anayefika na kugonga mlango, na juu yake diwani anayejua kwamba asipomtuma mkaguzi huyo, kura mia mbili za jengo lile zitamkumbuka.

Hapa ndipo Clarkston inaponipa sababu ya kutumaini. Ni mji wa zamani, una hati tangu 1882, ulikuwa kituo cha reli. Tangu miaka ya 1980 mashirika ya wakimbizi yamekuwa yakipeleka watu kwenye maghorofa yake: Wavietnam, kisha Wabosnia, Wasomali, Waethiopia, Wabhutan, Waburma, Wakongo. Miji mingi yenye wakazi 7,554, idadi ya Clarkston katika sensa ya 2010, ingekuwa na kila kisingizio cha kujifungia. Clarkston iliongeza mipaka yake katika muongo uliofuata, ikachukua na maeneo yenye wapangaji, na sensa ya 2020 ikaukuta mji una watu 14,756. Mkimbizi aliyezaliwa Eritrea ameshachaguliwa kuwa diwani. Kikao cha baraza kiko mwendo wa miguu kutoka kwenye maduka ambako watu wetu wananunua unga na mihogo. Ukilinganisha na wilaya ya kamishna wa kaunti, yenye watu zaidi ya laki moja, utaona tofauti: katika mji wa namna hii jengo moja la wapangaji waliokwisha kuwa raia linaweza kuamua nani awe diwani.

Ninajua hoja ya upande wa pili. Mji wenye watu wa kipato kidogo ukichukua wengine wa kipato kidogo, fedha zitatoka wapi? Ni swali la haki, ndiyo maana nimeweka sharti la barabara za biashara. Clarkston ikiongezewa maghorofa pekee itazama. Ikiongezewa maghorofa pamoja na sehemu ya Memorial Drive yenye maduka, maghala na vituo vya magari, itakuwa na uwezo wa kulipa mkaguzi wa pili na wa tatu. Tatizo ni kwamba biashara hizo zinatamaniwa na wengine. Decatur, katika mipango yake ya miaka ya 2010 ya kuongeza mipaka, ilielekeza macho zaidi kwenye maeneo ya biashara, kwa hesabu inayoeleweka: kila nyumba mpya yenye watoto ni mzigo kwa mfumo wake wa shule. Simlaumu mweka hazina wa Decatur kwa kufanya kazi yake. Ninalilaumu bunge linaloacha kila mji uchague tunda na kuuacha mti.

Kisha kuna suala la sahihi. Georgia ina njia kadhaa za kuongeza eneo kwenye mji. Njia moja inahitaji sahihi za wenye ardhi wote. Nyingine inataka wenye asilimia 60 ya ardhi pamoja na asilimia 60 ya wapiga kura walioandikishwa katika eneo hilo. Ya tatu ni azimio la mji likifuatwa na kura ya wakazi. Zaidi ya hizo, bunge la jimbo lenyewe linaweza kupitisha sheria ya kuhamisha mpaka. Isome njia ya kwanza ukiwa mpangaji. Jengo lenu lina familia mia tatu, lakini mwenye ardhi ni kampuni moja iliyosajiliwa labda jimbo jingine, na sahihi yake peke yake inatosha kuwaingiza au kuwaacha nje. Familia mia tatu hazina pa kutia kalamu. Na hata pale inapotakiwa kura, mkimbizi husubiri miaka mitano kabla ya kuomba uraia, kwa hiyo jengo zima linaweza kuwa na wapiga kura wasiojaza basi dogo.

Mfano wa nguvu ya mwenye ardhi uko hapo hapo DeKalb. Januari 2018 Chuo Kikuu cha Emory, pamoja na makao ya kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, viliingia rasmi ndani ya Atlanta kwa njia ya sahihi za wenye ardhi, ekari 744 kwa mara moja, huku reli nyepesi iliyotarajiwa kupita hapo ikiwa moja ya sababu zilizotajwa. Miaka michache kabla, wakazi wa mitaa ya jirani ya Druid Hills walipotaka kuhamia Atlanta kupitia bungeni, muswada wao haukupita. Mwenye ardhi mkubwa alipita mlangoni, wenye nyumba wakabaki barazani, na wapangaji hawakuwahi hata kualikwa.

Wasomaji wetu waliokulia Tanzania watakumbuka Februari 2021, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilipovunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa jiji kwa uamuzi wa Rais, bila mkazi wa Kariakoo kuulizwa kitu. Waliotoka Kenya wanajua manispaa zilizoundwa chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, ambazo bodi zake husubiri fedha na maagizo ya kaunti. Ukitoka huko, kura ya Georgia inapendeza, na ni kweli ni jambo la thamani. Lakini kura ya kuunda mji hupigwa na walio ndani ya mstari peke yao. Waliochorwa nje, ambao mapato yao yanaondoka siku hiyo, hawana karatasi ya kura. Hilo ndilo ningelibadilisha kwanza.

California imejaribu dawa. Tangu 1963 kila kaunti kule ina tume inayopitia maombi ya kuunda miji na kuhamisha mipaka, na tangu 1992 sheria inataka mji mpya usiiache kaunti ikiwa na hasara: mapato yanayoondoka yalingane na majukumu yanayoondoka. Goleta, mji uliozaliwa 2002, bado unaigawia kaunti yake ya Santa Barbara sehemu ya kodi ya majengo na ya mauzo. Dawa hiyo ina uchungu wake. East Los Angeles, eneo la Walatino zaidi ya laki moja, liliomba tena kuwa mji na mwaka 2012 tume ikakataa kwa kuwa hesabu hazikutosha. Baada ya jimbo kuinyang'anya miji michanga mapato ya ushuru wa magari mwaka 2011, haukuzaliwa mji mwingine California mpaka Mountain House mwaka 2024. Sipendekezi Georgia ifunge mlango namna hiyo. Napendekeza utafiti wa fedha ujibu maswali mawili badala ya moja, mji mpya ubebe sehemu yake ya pensheni za waliowalinda wakazi wake, na eneo lenye wapangaji lisihamishwe wala kurukwa kabla ya kila mlango kupata taarifa kwa lugha inayosomwa ndani ya nyumba hiyo.

Hayo ni ya bunge. Yapo ya kwetu. Bunge la Georgia hukutana kila Januari kwa siku 40 za kazi, na miswada ya mipaka ya mji hutangazwa kwanza katika gazeti rasmi la matangazo la kaunti, kwa Kiingereza, maandishi madogo, katikati ya matangazo ya mirathi na minada. Makanisa ya Wakongo na vyama vya Wakenya na Watanzania wa DeKalb vina vijana waliosoma hapa na wanaolielewa gazeti hilo bila shida. Mmoja apewe kazi ya kulipitia kila wiki kuanzia Desemba, na jina la Memorial Drive, Indian Creek au Glenwood likionekana, ramani ipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp siku hiyo hiyo. Kikao cha kusikiliza maoni hakimwulizi mtu uraia. Mpangaji asiye na kura anaruhusiwa kusimama, kutaja jina la jengo lake, na kuuliza mbele ya kamera kwa nini mstari umepita ubavuni mwa duka na kuiacha nyumba yake nje.